ATI ESC YA BOTI "IMEINGIA MAJI"!!! Huyu mtu mnamjua

Nahodha_wa_Beseni:
Wadau, jina siandiki. Mnamjua. Yule wa kaunta ya mwisho, ngazi za kushuka, mwenye miwani iliyokaa kwenye paji la uso tangu reli ifike Nairobi.

Nimempelekea ESC (kile kidhibiti mwendo cha mota) ya ampea 60, ya BOTI ya rimoti, ina wiki mbili, na mirija miwili ya maji imechomoza ubavuni kama pembe za konokono. Akaichukua. Akainusa. Akaweka mdomo kwenye mrija akapuliza. Tone MOJA likatoka upande wa pili. Akalidaka kwa kidole, akakiinua foleni yote ione: "Imeingia maji. Hakuna waranti."

Mrija wa maji umeingia maji! Huyu ukimpelekea sufuria atakwambia imeingia ugali!

Ule mrija unapita juu ya bamba la kupozea na haugusi sakiti popote. Maji yanachotwa nyuma ya propela, yanapoza ESC, yanaenda kwa mota, yanatokea ubavuni mwa boti. Ndiyo kazi yake! Nilishapima kwa multimita: waya mwekundu wa betri na waya wa katikati wa mota, omu 0.3. Vipimo vingine vitano haviko karibu na hapo. Transista za awamu moja, yaani za waya huo mmoja wa mota, zimeungana, na hiyo ni kazi ya ampea ama joto. Ningemweleza saa ngapi? Kidole kilikuwa bado juu!

Waya_Tatu:
Nimecheka hadi konda amenigeukia. Kidole 😂😂

Kwa wale wageni, vipimo sita ndivyo hivi. Chomoa betri, chomoa mota, weka multimita kwenye alama ya dayodi. Mwekundu wa betri na kila waya wa mota, vitatu. Mweusi na kila waya wa mota, vitatu. Upande mmoja isome kama volti 0.4 hadi 0.5, ukigeuza ncha isisome hivyo. Kikubwa ni vitatu vya kila kundi vifanane. Kimoja kikisoma karibu na sufuri, hapo pana maiti.

Mzee_wa_Propela:
Kijana, propela ni milimita ngapi?

Nahodha_wa_Beseni:
45. Sasa hiyo na kidole zinahusiana vipi?

Mzee_wa_Propela:
Boti ilikuja na 40, sivyo? Nilijua. Kwa mizunguko ile ile, nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano. 45 gawa kwa 40 ni 1.125. Izidishe yenyewe mara tano, unapata 1.8. Ulikuwa unaiomba ESC karibu maradufu ya kazi iliyoajiriwa kufanya. Maji hayakuiua. Ni wewe.

GariMoshi_254:
Mzee amemaliza uzi na kikokotoo 💀

Nahodha_wa_Beseni:
Sawa, propela ni kubwa. LAKINI HAKUSEMA PROPELA. Alisema MAJI. Aliinua KIDOLE. Mama mmoja kwenye foleni alitikisa kichwa kunihurumia!

Fundi_Risasi:
Na pia tuulize, hilo tone moja lilitoka kwa urahisi ama jamaa alipuliza hadi mashavu yakavimba? Maana tone likitoka kwa shida, mrija umeziba, na kidole chake kimekupa jibu bila yeye kujua. Maji yetu yana matope na majani. Ukiendesha kwenye gugumaji kama lile la Nairobi Dam, uzi mmoja wa mzizi unaingia kwenye kichoteo na kupoza kumeisha. Boti ikikimbia lazima uone mkojo wa maji ubavuni. Usipouona kwa sekunde chache, rudisha boti. Mizizi ikishika propela nayo, achia mwendo hapo hapo. Mota iliyokwama inakula ampea bila kuzunguka.

Kabla hujafunga ESC mpya, kagua mota kwanza, la sivyo mpya itafuata marehemu. Tenganisha waya zake tatu zisigusane, zungusha shafti kwa mkono. Iende laini, zile sumaku tu zikiguna. Ikiwa nzito kama ina breki, koili imeungana ndani. Usijaribu kujua kwa omu kati ya waya na waya, multimita ya kawaida inasoma karibu sufuri kwa mota nzima na kwa mbovu.

Na mpya usiichomeke moja kwa moja. Chukua balbu ya breki ya gari, volti 12, wati 21, iunge kwenye waya mwekundu kati ya betri na ESC. Ikimeta mara moja ikazima, ni kapasita (vihifadhi chaji) za ESC zinajaa, endelea. Ikiwaka na kubaki inawaka, kuna shoti, na hujachoma kitu, kwa sababu balbu haipitishi hata ampea 2.

Nahodha_wa_Beseni:
Hakupuliza kwa nguvu. Kidogo tu. Labda mashavu kidogo.

Waya_Tatu:
"Labda mashavu kidogo" 😂😂😂 imeziba hiyo.

Kapteni_Mchele:
Hata kama imeingia maji, ungeiweka kwa mchele siku mbili.

Fundi_Risasi:
Mchele ni wa pilau. Haung'oi uchafu uliobaki juu ya sakiti maji yakikauka, na uchafu huo ndio unaokula miguu ya transista. Osha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, sugua kwa mswaki laini, anika. Ile ya 70 ya duka la dawa ina maji ndani yake.

Bibi_Turbo:
Afadhali wewe umeuziwa ESC ya kweli. Mimi kuna mmoja, na yeye mnamjua, ananiambia nirefushe waya za betri kwa nusu mita ndipo boti ikae sawa. Kapasita zimevimba kama mandazi! Waya wa betri ukirefuka, volti zinaruka-ruka mlangoni mwa ESC. Refusha za mota. Ukilazimika za betri, chomelea kapasita ya mikrofaradi 470, volti 35, karibu kabisa na ESC, na usichanganye chanya na hasi.

GariMoshi_254:
Si ni yule yule wa miwani?

Bibi_Turbo:
Huyu hana miwani. Ni yule wa betri.

GariMoshi_254:
AAAH yule wa betri!! Betri ya LiPo (ya lithiamu) imeandikwa 5000 mAh, seli tatu, nimeiweka kwenye mzani wa bucha: gramu 190. Hiyo ni uzito wa 2200! Ya kweli inacheza 350 kwenda juu.

Kapteni_Mchele:
Yangu 210.

Waya_Tatu:
Yangu imeandikwa 6000, ni nyepesi kuliko kifuniko chake.

Nahodha_wa_Beseni:
Jamani, kidole…

Mzee_wa_Propela:
Bucha gani hiyo wanakubali kupima betri? Nina nne hapa.

GariMoshi_254:
Kuja Jumapili kabla ya saa nne, mwenyewe akiwa kanisani. Beba karatasi ya nailoni.