Tangazo limewahi kukuumbua? Tupeane uzoefu

Naanza mimi. Mimba ilikuwa ya miezi miwili, tukijua mimi na mume wangu tu. Usiku mmoja nikaingia tovuti ya duka, nikatazama vitanda vya watoto wachanga. Bei tu, sikununua. Kesho yake twangoja feri Likoni, wifi yangu akaniomba simu asome habari. Kila ukurasa, kitanda. Akafungua mapishi ya mahamri, kitanda! Akanitazama tumbo, akacheka. Kabla ya magharibi Mtongwe nzima ishanipigia hongera, na mama mkwe kanuna kwa kuwa kaambiwa wa mwisho. Nyinyi je?

Fundi simu, Mwembe Tayari
Hongera, dada. Wateja huniuliza kila siku, "Simu yanisikiliza?" Mara nyingi haina haja. Tovuti ya duka na ile ya mahamri zote zimebeba kipande cha programu cha kampuni moja ya matangazo. Chukulia Biashara Street: kila duka la leso lina mwenyewe, lakini milangoni pote kasimama mtu yule yule na daftari. Duka la kwanza akubandika namba. La pili aiona, aandika. Namba hiyo ndiyo kuki. Ilibuniwa 1994 ili tovuti imkumbuke mteja wake, basi. Hawa wa milangoni ndio walioigeuza. Kivinjari cha Safari, kile cha iPhone, huwazuia tangu 2020. Kivinjari cha Firefox nacho kila mlango huupa namba tofauti, daftari zisioane. Google, wenye kivinjari cha Chrome, waliahidi kuwaondoa, 2024 wakaghairi. Na wasighairi kwa nini, na matangazo ndiyo riziki yao?

Mja wa Kisauni
Mimi nilijidai mjanja: natafuta kazi nyingine nikiwa ofisini, kwa inkognito, ile hali ya faragha ya kivinjari. Jamaa wa kompyuta akanijia polepole, "Ushapata, bwana?" Kumbe ile huficha historia kwenye mashine yako tu. Mtandao wa ofisi waona tovuti uendako.

Mwenye uzi
Fundi, nimehamia Firefox, na kwenye mipangilio ya Android nimefuta kitambulisho cha matangazo, ile namba watangazaji huitambulia simu. Kwangu kumetulia. Sasa kitanda chamwandama mume wangu!

Fundi simu
Waifai ya nyumbani ni moja?

Mwenye uzi
Moja.

Fundi simu
Basi kwa nje mwaonekana anwani moja ya mtandao. Huenda ndiyo sababu.

Mwenye uzi
Nakinunua nipumzike.

Mja wa Kisauni
Ukishanunua watakuonyesha hicho hicho mwezi mzima. Niulize mimi na pasi yangu.