Mjadala: Historia ya Afrika vyuoni, Kiswahili au Kiingereza?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Nimesoma historia chuo kikuu, na msimamo wangu ni huu: hapa Tanzania, historia ya Afrika na ya ndugu zetu waliovushwa bahari utumwani ifundishwe na iandikwe kwa Kiswahili.

Chukueni Vita vya Maji Maji, vya kuwapinga Wajerumani. Mwaka 1968 Idara ya Historia pale Mlimani, yaani chuo kikuu cha Dar es Salaam, iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee. Wazee wakasimulia kwa Kiswahili na kwa lugha zao: pamba ilivyong'olewa Nandete Julai 1905, mganga Kinjikitile wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alivyonyongwa Mohoro. Makala zilizotokana na kazi ile zikaandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa mzee aliyehojiwa akitaka kujua babu yake alisema nini, inabidi atafute mtu wa kumsomea.

Chuoni kwetu tulikuwa na mwenzetu wa huko kusini. Kibandani alitusimulia habari za vita hivyo mpaka chai ikapoa vikombeni. Kesho yake, kwenye semina, inayoendeshwa kwa Kiingereza, akaulizwa habari hizo hizo. Alisimama, akatoa sentensi mbili za Kiingereza, akakaa. Alama alizopewa ni za mtu asiyejua kitu. Bado inaniuma.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapa napingana nawe. Walter Rodney, mwanahistoria Mguyana, alifundisha Mlimani, na kitabu chake cha 1972, How Europe Underdeveloped Africa, kilichapishwa London na Dar. Kimesomwa Karibi na Marekani kwa sababu kiko kwa Kiingereza. Mkutano wa Sita wa Pan-Afrika, wa Waafrika na wenzao wa ng'ambo, ulipofanyika Mlimani mwaka 1974, wajumbe wa Karibi tungezungumza nao kwa lugha gani? Unataka tujifungie ndani wakati hoja yenyewe ni kuungana na wenzetu.

Mchangiaji wa pili: Mimi natokea Songea. Babu alisimulia kwa Kingoni, Kiswahili alikiongea kwa taabu. Mnaposema "lugha yetu", ni ya nani?

Mleta mada: Ndugu yangu wa kwanza, sijasema Kiingereza kitupwe. Rodney asomwe, tena sana. Lakini tazama upande wa pili. Wanafunzi weusi wa chuo cha San Francisco State, Marekani, waligoma karibu miezi mitano, kuanzia Novemba 1968, na chuo kikakubali kuwa na idara ya masomo ya watu weusi. Masomo hayo yakaenea vyuo vingi vya Marekani, na wengi huko wakachagua kujifunza Kiswahili ili waikaribie Afrika. Wao wanatufuata kwa Kiswahili, sisi tunawapokea kwa Kiingereza!

Na msiseme haiwezekani. Idara ya Kiswahili ya hapo hapo Mlimani ilianza mwaka 1970, ikifundisha kwa Kiswahili, na tasnifu za uzamivu (PhD) zinaandikwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa historia ana upungufu gani?

Dada wa Songea, swali lako ni zito kuliko hoja yangu. Kiswahili nacho kinaweza kumfunika babu yako. Ningependa maneno ya wazee yachapwe kama walivyoyasema, Kingoni upande huu, Kiswahili upande wa pili, na mwanafunzi asome yote mawili. Ila hilo linahitaji sauti zenyewe ziwepo. Babu yako, kuna mtu aliyewahi kumrekodi?