Dizeli ikiisha kabisa, kaya ya watu sita ihifadhi nini?

Mkulima_Kisesa: Wakuu, tuseme mashine ya kusaga imezima, lori la mahindi haliji na mbolea ya dukani hakuna. Shambani kuna viazi vitamu na muhogo mchungu. Tufikeje mavuno yajayo?

Mawe_ya_Ilemela: Michembe kwanza (vipande vya viazi vitamu vibichi vilivyokaushwa), Juni hadi Agosti, jua likiwa kali. Viazi vikichimbwa viache vinyauke siku moja au mbili, menya, kata vyembamba, anika juu ya mwamba siku 3 hadi 5. Kipande kikivunjwa kilie "ta!", kikipinda, kirudishe juani, la sivyo kitaota ukungu. Kilo 4 mbichi hutoa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo piga hesabu mapema. Matobolwa, viazi vya kukausha vilevile, ni matamu zaidi ila huchemshwa kwanza, na wakati huo kuni zitagombaniwa.

Bibi_Shamba: Mkuu, kwenye muhogo mchungu usiruke hatua. Menya, loweka siku 3 mpaka ulainike, vunja, toa nyuzi, kamua, anika, twanga kwenye kinu. Njaa ikibana watu huruka kuloweka, sianidi, sumu ya muhogo, inabaki, na hapo ndipo ugonjwa wa konzo huingia: miguu inapooza ghafla na hairudi. Tarime iliwapata watu miaka ya 1980, wakati wa ukame.

Kama unga una shaka, uweke kwenye beseni, tia alama usawa wake. Ongeza maji ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Tandaza kwenye mkeka unene wa sentimita 1, kivulini kwa muda wa saa tano au juani kwa muda wa saa mbili, sumu itoke na hewa. Pika ugali siku hiyohiyo, usilaze.

Mwalo_Igombe: Ugali huo ule na dagaa, tafadhali. Protini yake ina salfa ambayo mwili huitumia kuiondoa sianidi. Karabai zikikosa mafuta, taa za sola zinavuta dagaa vizuri usiku wa giza. Anika kwenye chanja cha wavu, si mchangani: hewa hupita chini, na mvua ikija unakunja wavu mara moja.

Mkulima_Kisesa: Asanteni sana. Na mdudu dumuzi je? Makopa (muhogo mkavu) anayageuza unga.

Mawe_ya_Ilemela: Choma mabaki ya mwaka jana kabla ya kuweka mapya. Kisha pipa lenye kifuniko kinachobana, lijazwe hadi juu ili mdudu akose hewa. Toa ya wiki nzima kwa mara moja. Ukilifungua kila siku unampa pumzi.