MJADALA: Bunduki Marekani, tumuulize mnunuzi anaumwa nini au amefanya nini?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kila yakitokea mauaji ya risasi huku Marekani, hata maiti hazijazikwa, utasikia neno lilelile: "Tatizo si bunduki, tatizo ni vichaa." Zamani nilikuwa nalisikia kwa wanasiasa. Siku hizi nalisikia kwenye misiba yetu na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi nalipinga. Nitaeleza, kisha mnijibu kwa hoja.

Chukueni Lewiston, jimbo la Maine. Wengi mnaujua mji ule, Wasomali wamehamia pale tangu 2001, na baadaye Wakongomani na wengineo. Oktoba 25, 2023, mtu mmoja aliingia kwenye ukumbi wa bowling, kisha kwenye baa, akaua watu 18. Wanne kati yao walikuwa viziwi. Muuaji simtaji jina, hastahili.

Alikuwa mwanajeshi wa akiba. Mei ya mwaka huo mwanawe na mama wa mtoto huyo waliwaeleza polisi kwamba anadai kusikia watu wakimsema vibaya, na kwamba ana bunduki nyingi. Julai wenzake wa jeshi walimpeleka hospitali, akalazwa wiki mbili, akaruhusiwa. Baadaye akampiga ngumi rafiki yake. Rafiki huyohuyo akawaandikia wakubwa wake jeshini, akionya kwamba mtu huyu atakuja kuua watu wengi kwa risasi. Septemba askari alifika nyumbani kwake, akagonga, hakufunguliwa, akaondoka. Maine ilikuwa na sheria ya kumwondolea silaha mtu wa namna hiyo, na tume iliyochunguza ilisema askari alikuwa na sababu za kutosha kuanza kuitumia. Haikutumika.

Mtaniambia, "Si unaona, alikuwa mgonjwa!" Alikuwa mgonjwa, sikatai. Lakini waliomwogopa hawakuogopa cheti cha daktari. Waliogopa ngumi, vitisho, na bunduki alizokuwa nazo. Wagonjwa wa akili Marekani ni mamilioni, na walio wengi mno hawatamdhuru mtu maisha yao yote. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, aliyechunguza jambo hili kwa miaka mingi, anasema hata magonjwa makubwa ya akili yangetibiwa yote kesho, ukatili nchini ungepungua kwa asilimia 4 hivi tu.

Sasa tuje kwenye mauzo yenyewe. Tangu 1968 sheria ya nchi inakataza kumuuzia bunduki mtu ambaye mahakama au mamlaka imemtangaza kuwa hatari kwa sababu ya akili, au aliyelazwa kwa lazima. Aliyekwenda hospitali kwa hiari yake hahusiki. Sheria ya Brady ikapita 1993, na tangu Novemba 1998 mwenye duka lenye leseni lazima aulize FBI kwanza kabla ya kuuza. Mnunuzi anajaza fomu hapo kaunta, inamuuliza kama aliwahi kutangazwa na mahakama au kulazwa kwa lazima, anatia alama, anasaini, na mara nyingi jibu linarudi ndani ya dakika chache.

Lakini kinachoonekana kwenye kompyuta ni kile tu kilichopelekwa. Mwaka 2005 jaji wa Virginia aliamua kwamba mwanafunzi mmoja ni hatari kwa nafsi yake, akamwamuru atibiwe akitokea nyumbani. Uamuzi huo haukufika kwenye mfumo. Mwanafunzi akanunua bastola mbili kwa njia ya kawaida kabisa, na Aprili 2007 akaua watu 32 kwenye chuo kikuu cha Virginia Tech. Na ikipita siku 3 za kazi bila FBI kujibu, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Ndivyo aliyeua watu 9 kanisani Charleston mwaka 2015 alivyopata bastola yake, ingawa hakupaswa kuuziwa. Ukinunua kwa mtu binafsi, sheria ya nchi hailazimishi ukaguzi wowote, labda jimbo lako liwe na sheria yake.

Kwa hiyo msimamo wangu: sheria itazame hatari inayoonekana kwa vitendo na maneno, tena itazame haraka, na ukaguzi uwe kwa kila mauzo. Orodha ya wagonjwa haitatuokoa.

Mchangiaji wa Houston

Mkuu, nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Nina bastola, niliinunua kihalali, na nafunga biashara yangu saa sita usiku. Mahakama Kuu ya nchi ilishasema mwaka 2008 kwamba mtu ana haki ya kuwa na silaha nyumbani mwake ajilinde.

Hiyo "hatari inayoonekana" nani ataiona? Sheria hizi za kumwondolea mtu silaha, wanazoziita bendera nyekundu, zinamruhusu jaji kutoa amri ya kwanza wewe ukiwa hupo. Umegombana na mwenzio, mko kwenye talaka, anakwenda mahakamani anasema umemtishia. Jioni polisi wako mlangoni wanadai bunduki. Sasa nifikirie mimi, mweusi, Kiingereza changu cha lafudhi, nafungulia mlango polisi walioambiwa ndani kuna mtu hatari mwenye silaha. Kuna watu wameuawa kwa kosa dogo kuliko hilo. Mnaotunga hoja mkiwa mmekaa kwenye kochi, hapo mnapapita haraka sana.

Mchangiaji wa Minnesota

Kaka wa Houston, hofu yako naielewa, na mimi ni mweusi pia. Ila niseme ninachokiona kazini, maana ni nesi wa wodi ya akili.

Akija mwanamume wa shamba au aliyewahi kuwa jeshini, mara nyingi swali lake la kwanza wala si la dawa. Anauliza: "Nikikubali kulazwa, bunduki zangu watachukua?" Anauliza akiwa bado amevaa koti. Nikimweleza kwamba akiingia kwa hiari sheria ya nchi haimgusi, mabega yanashuka, anakaa. Sasa mkitaka kila anayeumwa aandikwe kwenye mfumo, yule hatakaa. Atarudi kwenye gari lake na sonona yake, na bunduki iko nyumbani.

Tena mnazungumzia mauaji tu. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchi hii. Katika hao, 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Hapo ndipo ugonjwa wa akili na bunduki vinakutana kwelikweli, na hapo hakuna kamera za televisheni. Anayejaribu kujiua kwa vidonge mara nyingi tunamuwahi. Wa bunduki, karibu 9 katika 10 hatuwaoni wodini kabisa. Na waliookoka jaribio, walio wengi hawafi kwa kujiua baadaye. Ile hamu ya kufa inakuja kwa nguvu halafu inapita, wakati mwingine ndani ya saa moja. Mtu anachohitaji saa ile ni umbali kati yake na silaha.

Mchangiaji wa Nairobi

Kwetu Kenya unaanza na leseni ndipo silaha, na ni raia wachache wanaoipata. Lakini msidhani tumemaliza. Desemba 2021, Kabete, askari polisi alimuua mkewe na watu wengine kwa bunduki ya kazi, kisha akajiua. Kibali kinatazama siku ya kuomba. Akili ya mtu inaweza kuharibika miaka mitano baadaye na silaha bado iko begani.

Mchangiaji wa Lewiston

Nasoma tu, ila mmetaja mji wangu. Zile siku mbili kabla hawajampata amekufa, tuliambiwa tusitoke nje. Mama yangu alikimbia vita Kivu. Alizima taa zote, akatulaza sakafuni mbali na madirisha, akakataa tusipike kwa sababu ya harufu. Alijua la kufanya, na hilo ndilo liliniumiza. Familia ya yule mtu ilisema mapema. Wanajeshi wenzake walisema. Msitulinganishie na magomvi ya talaka.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu wa Lewiston, pole sana, na mpe mama pole zetu.

Ndugu wa Houston, hoja ya polisi mlangoni ni nzito na sitaipita haraka. Ndiyo maana nataka amri ya kwanza iwe ya siku chache, usikilizwe na jaji ukiwa na wakili, na anayesema uongo ashtakiwe. Lakini tazama Maine. Ile sheria yao ya zamani ilimtaka polisi amkamate mtu kwanza, kisha daktari ampime, ndipo jaji aamue. Ugonjwa uliwekwa kuwa mlango wa kupitia, na pale polisi alipoondoka, familia haikuwa na mlango mwingine. Novemba 2025 wapiga kura wa Maine, jimbo la wawindaji, waliamua wenyewe kwamba familia iweze kwenda kwa jaji moja kwa moja.

Dada wa Minnesota amenikumbusha jambo la New Hampshire. Mwaka 2009, katika muda usiofika wiki, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki kwenye duka moja, na kila mmoja akajiua muda mfupi baada ya kununua. Kwenye ukaguzi wote walikuwa safi. Mwenye duka akakaa na watu wa afya, wakatengeneza maelekezo kwa wauzaji wenzao: mteja hajui lolote kuhusu bunduki na hataki kujua, haulizi namna ya kuitunza, anasema yoyote ile itamfaa, anaonekana ana majonzi mazito. Huyo usimuuzie leo. Hakuna serikali iliyowalazimisha, ni watu wa bunduki wenyewe, na muuzaji ana haki kamili ya kumkatalia mteja.

Ndugu wa Houston, wewe unawajua wauzaji wa huko. Ukiwapelekea karatasi ile wataibandika nyuma ya kaunta? Na wewe mwenyewe, wiki ambayo mambo yamekuwia mazito, kuna mtu unayemwamini wa kumkabidhi bastola yako akutunzie? Nauliza kwa nia njema, nijibu.