Mbwa wangu mdogo anajikuna mpaka usiku halali, nianzie wapi kutafuta chanzo?

Nyota_ya_Kusi:
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimechoka. Nina mbwa jike, mdogo wa umbo, hafiki hata kilo 6, umri miaka miwili na kidogo. Huyu kiumbe anajikuna asubuhi, mchana, jioni, na usiku ndo usiseme, umelala unasikia mguu unagonga sakafu ta-ta-ta, akimaliza hapo anahamia kujilamba vidole vya mbele mpaka manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu. Mgongoni karibu na mkia manyoya yameanza kupukutika, ngozi imekuwa nyekundu na ina vigaga. Anakula vizuri, anacheza, choo kipo sawa. Tulienda kwa daktari akachomwa sindano akatulia kwa muda, dawa ilivyoisha nguvu mambo yakarudi vilevile. Viroboto nimetafuta sijaona hata mmoja. Huku naambiwa ni chakula, kule naambiwa ni fangasi, mwingine anasema nimwogeshe kila siku. Nishike lipi niache lipi?

Kijani2:
Pole sana. Hiyo ni aleji ya chakula mia kwa mia, wangu alikuwa hivyohivyo, nilimbadilishia chakula akapona. Acha kuku, acha ng'ombe, utaniambia.

Fundi_Manyoya:
Mia kwa mia umeipimaje bila kumwona mbwa? Mleta uzi kasema manyoya yanatoka karibu na mkia, na sisi tunaoogesha mbwa kila siku tukisikia hapo kitu cha kwanza tunachowaza ni viroboto, hata kama mwenye mbwa anaapa hajaviona.

Dada (au kaka, samahani), fanya hivi. Chukua kitana chenye meno ya kubanana, kile cha kutolea chawa kinafaa, mchane kuanzia kiunoni kwenda mkiani, chana mpaka kwenye ngozi kabisa sio juu juu. Uchafu utakaotoka ukung'utie kwenye tishu nyeupe iliyoloweshwa maji, subiri kidogo. Ukiona vile vinukta vyeusi vinaachia rangi nyekundu ya kahawia, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyosagwa. Vumbi la kawaida haliachii rangi hiyo. Na angalia pia karibu na tundu la haja, ukiona vitu kama punje za mchele ni vipande vya minyoo tegu, mbwa anaipata kwa kumeza kiroboto wakati anajing'ata. Ndo maana hao viroboto huvioni, anavila!

Nyota_ya_Kusi:
Ni dada 😂 Aisee nimetoka kufanya sasa hivi. Vinukta vichache tu lakini vimeachia wekundu kweli, nimebaki nimeduwaa. Punje za mchele sijaona. Ila swali, viroboto vichache hivyo ndo vimfanye ajikune namna hii?

Msaidizi_wa_Vet:
Ndiyo, tena sana. Tatizo sio wingi wao, ni mate. Kuna mbwa wana mzio (aleji) na mate ya kiroboto, aking'atwa kidogo tu anawashwa siku kadhaa. Mbwa asiye na mzio anaweza kubeba viroboto kibao na asijali.

Lakini usifunge faili mapema. Mimi nafanya kazi na daktari wa mifugo na tunaanzaga na swali moja: anajikuna WAPI? Kiunoni, chini ya mkia na nyuma ya mapaja, tunashuku viroboto. Kingo za masikio, viwiko na tumbo, tena kuwashwa kwa ajabu, tunawaza upele wa utitiri (vijidudu vidogo sana vya ngozini), na huo unahamia mpaka kwa binadamu, kwa hiyo jiulize kama kuna mtu nyumbani ameota vipele vinavyowasha. Sugua ukingo wa sikio lake taratibu kwa vidole, mguu wa nyuma ukianza kupiga wenyewe mwambie daktari. Nyayo, makwapa, uso na masikio yanayorudia kuumwa, hapo ndo tunaongelea mzio wa mazingira (vumbi, chavua) au wa chakula. Huu wa mazingira mara nyingi unaanza kati ya miezi 6 na miaka 3, na wako yupo humo humo. Mbwa mmoja anaweza kuwa na viwili kwa pamoja, kwa hiyo vile vidole anavyolamba usivisahau.

Hiyo rangi ya kutu peke yake sio fangasi, ni mate, yana kitu kinapaka manyoya meupe. Inakwambia tu kwamba analamba sana. Fangasi ya hamira inakuwaga na harufu nzito na ngozi ina mafuta mafuta, daktari anabandika tepu kwenye ngozi anaangalia kwenye hadubini, kazi ya dakika chache.

Na ile sindano kama ilikuwa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), inazima muwasho karibu wa kila aina, kwa hiyo kutulia kwake hakukuambii chanzo. Uliza ilikuwa nini.

Mzee_wa_Shamba:
Mnazunguka sana. Mpake oil chafu ya gari, sisi mbwa wetu wote tulipaka na wakapona.

Msaidizi_wa_Vet:
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote hapana. Mbwa anajilamba, ile oil anaimeza, na nyingine inapita kwenye ngozi. Kwa mbwa wa kilo 6 ni sumu.

Mzee_wa_Shamba:
Marahaba. Haya, nyie ndo mmesoma.

Kijani2:
Sawa kwenye viroboto nimekubali, ila msidharau chakula jamani.

Fundi_Manyoya:
Hakuna anayedharau, ni mpangilio tu. Kujua kama ni chakula lazima umpe chakula kimoja chenye nyama ambayo hajawahi kuila, au kile maalum cha daktari, kwa wiki 8 hivi bila kitu kingine chochote, hata dawa ya minyoo yenye ladha ya nyama inaharibu zoezi. Akitulia unamrudishia chakula cha zamani uone kama muwasho unarudi. Ukibadilisha chakula, shampuu na dawa ya viroboto wiki moja, akipona utajuaje kilichomponya? Hata wewe Kijani labda siku zile ulimpa na dawa ya viroboto.

Kijani2:
...nilimpa kweli. Haya bwana.

Nyota_ya_Kusi:
😂😂 Basi naanza na viroboto. Nipeni utaratibu.

Msaidizi_wa_Vet:
Dawa chukua kwa daktari kulingana na uzito wake leo, usinunue ya mbwa mkubwa ukakata nusu. Baadhi ya vidonge vya siku hizi vinaua viroboto na utitiri kwa pamoja, vitakusaidia kufuta vyote viwili kwenye orodha, ila kama amewahi kupata degedege sema kabla. Halafu nyumba! Viroboto wakubwa walio mwilini ni sehemu ndogo tu, mayai na mabuu wapo kwenye zulia, nyufa za sakafu na matandiko. Fua matandiko yake kwa maji ya moto nyuzi 60, fagia chini ya makochi kila mara. Usikatishe dawa kabla ya miezi 3, maana walio kwenye vifuko, yaani mabuu yanayogeuka kuwa viroboto wakubwa, wanaweza kujificha muda mrefu wakaibuka baadaye. Vile vigaga vionwe, kama kuna bakteria atahitaji tiba yake. Shampuu ya watu weka pembeni.

Kiuno kikipona na vidole bado analamba, hapo ndo tunaingia kwenye chakula na mazingira.

Nyota_ya_Kusi:
Asante sana. Nina na paka ndani wanalala pamoja, naye nimpake hiyohiyo?

Fundi_Manyoya:
USITHUBUTU. Paka naye atibiwe ndiyo, la sivyo viroboto vitarudi, lakini kwa dawa ya paka. Dawa nyingi za mbwa za kupaka zina permethrini (kiuawadudu), hiyo inaua paka. Soma boksi kabla hujafungua, na kama ya mbwa ni ya kupaka watenganishe walale vyumba tofauti mpaka ikauke kabisa, daktari atakwambia muda gani.

Nyota_ya_Kusi:
Duh, afadhali nimeuliza. Kesho naenda na wote wawili.