Wanasiasa wa Nyanza na Western, mnatuulia muziki na hela pia hamlipi

Wadau, salamu kwanza, halafu mniruhusu nitoe hii hasira maana nimeibeba sana. Napiga kibodi kwa bendi ya ohangla, ngoma yetu ya Kiluo, hapa Kisumu na 2027 inavyokaribia simu zimeanza kuingia, na sio za watu wa harusi ama matanga, ni wapambe wa waheshimiwa. Oda ni ileile kila mara: jina la mkubwa litajwe kabla hata ngoma haijachanganya, lirudiwe kwa korasi, chama kitajwe, yule mpinzani achambwe kidogo, na wimbo uwe tayari kufikia Ijumaa juu Jumamosi kuna rali.

Na mtu asiniambie eti pakruok, ile ya kujisifu katikati ya ngoma, imekuwepo tangu zamani. Ndio ipo, naipenda, ndiyo imetulisha miaka yote. Mtu anatoa hela yake mfukoni, ngoma inatulizwa, anajisifu, anamsifu mama yake na shemeji yake, watu wanacheka, tunaendelea kupiga. Hiyo ni ya kila mtu, hata fundi wa baiskeli ana dakika yake. Saa hii mtu mmoja ananunua wimbo mzima kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuna stori ndani, hakuna mapenzi, hakuna mafunzo, ni orodha ya majina tu kutoka gavana hadi MCA wa wadi.

Vijana wakiona pesa iko hapo wote wanakimbilia hapo, studio zote biti ni moja, spidi ni moja. Matokeo yakitangazwa tu wimbo umekufa. Mtu wako akishindwa ndio mbaya zaidi, hao walioshinda hawakuiti kwa shoo zao miaka mitano.

Wakubwa kuamua tusikize nini si jambo la jana. Enzi za Moi redio ilikuwa ya serikali na kwaya za kumsifu zilijaa humo, mwaka wa 1988 wakaunda hadi tume ya muziki ya rais. 2002 Gidi Gidi Maji Maji wakatoa Unbwogable, NARC, muungano wa upinzani, wakaichukua ikawa ya kampeni nchi nzima. 2022 Leo ni Leo ya Musindi ikafanyiwa rimiksi na Raila mwenyewe akiwa ndani, huku upande wa UDA, chama cha Ruto, wakishika Sipangwingwi, yaani sipangwi na mtu, mpaka NCIC, tume ya uwiano na utangamano, ikaweka hilo neno kwa orodha ya maneno ya chuki. Hebu fikirieni hapo, vijana wametoa wimbo wao wa raha, wanasiasa wameubeba kwa jukwaa, halafu neno lao ndio linaitwa chuki!

Lakini angalieni Juni 2024. Anguka Nayo hakuna mheshimiwa aliyeiagiza, vijana wa maandamano ya kupinga mswada wa fedha waliichukua wenyewe barabarani na ilichezwa kila mahali, hata huku Kondele. Kumbe watu wanajua kuchagua ngoma yao bila kusukumwa.

Sasa pesa. Kampeni iliyopita kuna mgombea mmoja tulimrekodia na tukapiga kwa rali zake, tukipanda lori na spika jua kali kutoka Ahero hadi Muhoroni, tukaambiwa balansi ni baada ya kura. Kura zikaisha, simu haishikwi, mpambe naye anasema hajui kitu. Mpiga orutu wetu, ile fidla ya uzi mmoja, aliuza simu alipe nyumba. Na wimbo wetu ulichezwa kwa magari yake hadi siku ya mwisho ya kampeni, si wao walikuwa na faili!

Kuanzia sasa bendi yetu hakuna kurekodi jina la mwanasiasa kabla pesa yote iingie kwa M-Pesa, na korasi ni yetu, haiuzwi. Nyinyi wa Siaya, Homa Bay, Busia, Kakamega, mliopigia hawa watu 2022, mlilipwa yote ama mlizungushwa pia? Semeni hapa, na maprodyusa pia mseme kama mko tayari kushikilia faili hadi msanii alipwe.