Ushauri wa haraka: uvimbe wa taya, wameniambia ni mnyoo. Akatwe au ameze dawa?

Mtu wa Mawe:
Wakuu, habari za jioni. Nina dada yangu hapa Mwanza, ana miaka 31. Tangu mwezi wa nne ana uvimbe kwenye taya la kushoto, kwa nje, pale msuli unapotuna mtu akitafuna. Mdogo tu kama karanga, hauumi sana, ila mdomo haufunguki vizuri. Tulidhani ni jino. Likang'olewa, tukalipa, uvimbe ukabaki palepale. Juzi kapigwa ultrasaundi, aliyempima akasema ni kifuko cha maji chenye kidoa cheupe ndani, kinafanana na mtoto wa mnyoo. Mnyoo kwenye taya! Silali. Swali langu ni moja: akatwe, au ameze dawa za minyoo? Naomba wanaojua, si matusi.

Dagaa wa Ukara:
Pole sana mkuu. Mwanangu alivimba taya akiwa na miaka 6, tukiwa kisiwani. Bibi yake akamkanda na majani. Ndani ya wiki moja uso ulikuwa umepinda na meno yanacheza. Tukavuka ziwa mpaka Bugando, wakachukua kinyama wakapima, kumbe ni saratani ya Burkitt. Daktari alitueleza kwamba inawapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi kama huku kwetu ziwani, na jina ni la daktari aliyeuandika ugonjwa huo mwaka 1958 akiwa Kampala. Mtoto alitundikiwa dawa miezi kadhaa, leo yuko darasa la nne, anapiga mpira. Nimeandika haya kwa sababu kila taya likivimba watu wanakimbilia jino.

Shahidi wa Kweli:
Mnyoo wa kwenye nyama unatoka wapi kama si kwenye kitimoto? Mliambiwa ni najisi, mkasema hayo ni mambo ya kale. Huyo dada aache kwanza, atubu, ndipo dawa imsaidie.

Bint Loliondo:
Si lazima awe nguruwe. Kwetu wafugaji kuna mnyoo wa mbwa. Mbwa anakula ini la kondoo lenye vifuko, mayai ya mnyoo yanatoka na kinyesi chake, wewe unampapasa kisha unakula bila kunawa. Wenzetu Waturkana wa Kenya umewatesa sana. Mjomba wangu alikuwa na kifuko kwenye ini, kimekua miaka bila yeye kujua, yeye anasema ni kitambi. Mara nyingi kinakaa kwenye ini au mapafu. Mifupani ni nadra, na taya ndiyo nadra kabisa. Ila alikatazwa jambo moja kwa ukali: asikubali mtu akitoboe ovyo. Maji yake yakimwagika ndani, mwili unaweza kupata mshtuko ukafa palepale, na ukipona, mbegu zake zinaota vifuko vipya. Kwa hiyo kabla ya kisu, ijulikane ni mnyoo gani.

Mtu wa Mawe:
Mbwa hatuna. Shahidi, dini tuiweke pembeni kidogo. Bint Loliondo, umenitisha, maana kuna bwana mmoja Igoma nimeshampa 30,000 ya awali, anakata Jumamosi. Ni mzoefu, anapasua majipu ya watu wengi. Hospitali ni foleni, kila kipimo na bei yake, na biashara yangu nikifunga siku tatu sina mtaji tena.

Nesi Mstaafu:
Kaka, nimekaa wodini miaka mingi. Kifuko kwenye msuli wa kutafunia, na kidoa cheupe ndani, ndivyo anavyoonekana mtoto wa tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu bapa. Hicho kidoa ni kichwa chake. Tayani hakai mara nyingi, lakini hukaa. Sasa nijibu: kichwa kinamuuma? Macho yanaona sawa? Amewahi kuanguka?

Mtu wa Mawe:
Kichwa kinauma, ila kwa jua hili nani hakimuumi.

Nesi Mstaafu:
Nimeuliza kama amewahi kuanguka.

Mtu wa Mawe:
Mara moja. Wiki mbili zilizopita, jikoni. Mkono wa kulia ulianza kutetemeka, kisha mwili wote, povu kidogo, kama dakika mbili. Mama mkwe akasema ni mambo ya ukoo wao, tusiyatangaze. Sikuandika kwa sababu niliona ni jambo jingine. Na dawa nimeshanunua, hizi za kichocho wanazowapa watoto shuleni. Muuza duka kasema zinaua mnyoo wowote. Jana usiku amemeza.

Mpekuzi:
Hii ni chai, tena ya rangi. Mwanzo ni dada yako, sasa ghafla una mama mkwe na "ukoo wao". Akaunti yenyewe imefunguliwa juzi. Nimeishi Nyakato miaka 40 sijasikia mnyoo wa taya. Wadau, msimalize bando zenu hapa.

Mzee Mwaloni:
Hata mimi nimeshtuka hapo kwa mama mkwe. Kuna mwaka mtu alikuja humu na habari ya figo ya mwanawe, tukachanga mpaka wauza dagaa pale Kirumba wakatoa. Mtoto hakuwepo. Tangu siku hiyo nasoma mara mbili.

Nesi Mstaafu:
Ikiwa ni uongo, bado kuna mwenye taya kama hilo atakayesoma kesho, kwa hiyo naandika. Shahidi, sikiliza na wewe. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko na haijaiva, anapata tegu tumboni. Vifuko vya kwenye misuli na ubongo vinatokana na kumeza mayai, na mayai hayo yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mikono, maji, mboga mbichi. Mwaka 1992 madaktari waliandika kuhusu Wayahudi wa New York wasiogusa nguruwe kabisa, waliokutwa na vifuko hivyo kwenye ubongo. Walioshukiwa ni watumishi wa ndani waliokuwa wakiwapikia. Na Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye ugonjwa huu, kifafa kama asilimia 30 kinatokana nao. Ndiyo maana niliuliza habari ya kuanguka.

Mleta mada, hiyo dawa ni prazikwanteli. Inaua kifuko, ndiyo, lakini kama kiko kwenye ubongo, kikifa ubongo unavimba pembeni yake na mtu anaanza degedege. Kichwa hupimwa kwanza kwa CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya ubongo, macho hukaguliwa, na dawa hutolewa pamoja na ya kutuliza uvimbe, daktari akiwa karibu. Usimpe kidonge kingine. Na huyo wa Igoma asimguse. Swali la mwisho: nani hapo nyumbani anaona vipande vyeupe akienda chooni?

Mpekuzi:
Hatajibu. Subirini.

Mtu wa Mawe:
Ni mke wangu. Nilisema dada kwa sababu nina banda la kitimoto na wateja wangu wengine wako humu. Karatasi ya ultrasaundi iko mezani hapa.

Vipande ninaviona mimi. Tangu mwaka jana. Bapa, vyeupe, kama tambi pana, vingine vinajisogeza. Sikuumwa popote, sikumwambia mtu. Na kachumbari ya pale bandani nakata mimi. Mke wangu hula hiyo hiyo kila siku.

Nesi Mstaafu:
Ahsante kwa kusema. Funga banda leo. Wewe na watoto mkapimwe choo, na usimeze chochote kabla ya kumweleza daktari yote, hata hili la vipande. Mke wako asilale peke yake usiku huu. Akianza kutetemeka mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mwende usiku huohuo.

Shahidi wa Kweli:
Ndugu, nimesema vibaya kule juu. Kama nauli ni tatizo, nitumie ujumbe.

Mtu wa Mawe:
Saa kumi na moja alfajiri. Kaamka kichwa kinampasuka na anatapika. Tuko kwenye bajaji tunapanda kilima cha Bugando. Yule wa Igoma nimemwambia asije, hela abaki nayo. Nimemweleza mke wangu kila kitu njiani. Ametoa mkono wake kwenye wangu. Baadaye akauliza watoto tumewaacha na nani, na kama jana usiku walinawa kabla ya kula. Wabeja nyote.

Mzee Mwaloni:
Mkuu, Mungu amsimamie mama. Ukipata nafasi tuambie, banda liko mtaa gani? Jumapili nilikula maeneo ya Buhongwa, na kachumbari niliongeza mara mbili.